Fundi wa Nyumbani: Kidole cha Mama na Pampu ya Kambi



Juma lililopita tuliahidi kuzungumza juu ya pasi ya umeme iliyoungua. Tunaomba radhi, somo hilo litangoja, kwa maana tumepata barua ambayo haifai kulala mezani petu hata siku moja zaidi. Imetoka katika kambi moja ya upande wa Moroto, na aliyeiandika ni mama wa nyumbani, mke wa sajini. Majina tumeyaacha kwa heshima ya wenyewe.

Mama huyo ana kijana anayesomea ufundi wa umeme huko Entebbe. Kijana alitengeneza chombo cha kuongoza pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu, ambalo hutumiwa na nyumba 14 za askari. Nyumba zote zilichanga fedha. Chombo chenyewe ni bodi ndogo ya elektroniki yenye chipu moja, na nyaya ndefu zinazokwenda kwenye maboya mawili. Boya la tangi la juu huarifu kwamba maji yamejaa. Boya la tangi la chini huarifu kwamba maji bado yapo. Huko Entebbe chombo kilikaa mezani mwezi mzima kikifanya kazi bila kosa. Alipokuja likizo ya Desemba akakifunga kambini, kikafanya kazi siku 12. Usiku wa siku ya 13 tangi la chini likakauka, lakini pampu haikusimama. Ilizunguka pasipo maji hadi alfajiri, na mota ikaungua.

Tangu siku hiyo, anasema mama, majirani hawamsalimu kijana. Wengine husema alikula fedha za watu kwa kununua vitu hafifu. Baba yake amemkataza kugusa tena kile alichokiita "michezo ya watoto". Mama anauliza: "Je, mwanangu ni mzembe, au kuna jambo ambalo hakufundishwa?"

Katika barua hiyo hiyo, karibu na mwisho, mama ametaja jambo dogo ambalo yeye mwenyewe hakuliona kuwa na uzito: "Jioni ya siku ile nilikuwa nimeanua blanketi la nailoni, nikaona waya umelegea kwenye skrubu ya kile kisanduku, nikausukuma kwa kidole urudi mahali pake. Nilichomwa kidogo kama kwa sindano, nikadhani ni ncha ya waya."

Tuliomba tuletewe bodi, nayo ikaletwa. Tumeipima. Pini ya kuingizia inayotoka kwenye boya la tangi la chini imeungana na ardhi ya bodi ndani kwa ndani, hata kipimo kinaonyesha chini ya ohmu 10. Pini nyingine zote ni nzima. Kati ya skrubu na pini hiyo hapakuwa na kitu chochote ila waya mtupu.

Basi tuseme ukweli, mama yetu, na tunaomba uupokee kwa moyo mtulivu. Hatukuwapo siku hiyo, lakini dalili zote zinaelekea upande mmoja: kilichokuchoma hakikuwa ncha ya waya. Bodi ile hutumia volti 5 tu, ambazo haziwezi kumchoma mtu mwenye ngozi kavu. Umeme ulitoka kwako kwenda kwenye bodi. Hata hivyo huna kosa, wala usijilaumu, na sababu tutazieleza hapa chini.

UMEME TULI NI NINI?

Vitu viwili visivyopitisha umeme vikisuguana na kisha kutengana, kimoja hubaki na chaji za ziada na kingine hupungukiwa. Wahenga wa Uyunani walilijua jambo hilo kwa kusugua kaharabu, ambayo baadaye huvuta nyasi na manyoya. Waarabu mpaka leo huuita umeme wote kwa jina linalotokana na kaharabu hiyo. Blanketi la nailoni, sweta la sufu, kiti cha plastiki na soli ya mpira hufanya kazi ile ile ya kaharabu.

Mwili wa mtu ni kama chupa ndogo inayoweza kuhifadhi chaji hizo. Wataalamu wanaopima chipu huuhesabu mwili kuwa ni kapasita ya pikofaradi 100 yenye ukinzani wa ohmu 1,500 mbele yake. Chupa hiyo ni ndogo sana, na kwa hiyo chaji kidogo tu hupandisha volti nyingi. Mtu anayetembea juu ya zulia katika hewa kavu sana anaweza kufikia volti 35,000. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, mtu yule yule juu ya zulia lile lile hafiki zaidi ya volti 1,500 hivi, kwa sababu unyevu hulainisha nyuso za vitu na kuziachia chaji zitoroke polepole.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali ambalo kijana amejiuliza bila shaka usiku na mchana: kwa nini chombo kiliishi Entebbe na kikafa Moroto? Entebbe iko kando ya ziwa, na hewa yake ina unyevu. Karamoja, kuanzia Desemba hadi Machi, ni jua na upepo mkavu. Kijana alikijaribu chombo chake kwa uaminifu, lakini alikijaribu mahali ambapo adui hakuwapo.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: binadamu hausikii umeme tuli mpaka ufike volti 3,000 hivi. Mama alisikia sindano. Maana yake kidole chake kilikuwa na volti 3,000 au zaidi. Na pini ya chipu inavumilia kiasi gani? Bodi ya kijana ni ya aina ya Arduino, iliyobuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, nchini Italia, na chipu yake ni ATmega328P. Mtengenezaji wa chipu hiyo anaonya kwamba pini ikipewa umeme wa volti 5 isipandishwe kupita volti 5.5, wala isishushwe chini ya sifuri kwa zaidi ya nusu volti. Ndani ya chipu mna utando wa kuhami ambao unene wake huhesabiwa kwa nanomita. Utando huo ukitobolewa haushoneki.

Ni kweli kwamba chipu nyingi zina dayodi ndogo za ulinzi ndani yake. Lakini dayodi hizo ziliwekwa ili chipu isife mikononi mwa wafanyakazi wa kiwandani, ambako watu hufunga mikanda ya ardhi na sakafu hutunzwa. Hazikuwekwa kwa ajili ya kisanduku kinachoguswa na kila apitaye uani, chenye nyaya zinazotambaa mita nyingi nje ya nyumba.

Tena kuna jeraha lililofichika. Mara nyingine cheche haiui pini siku ile ile, bali huitia ufa tu. Chombo huendelea kufanya kazi, kisha hufa baada ya majuma au miezi, na fundi hulaumu betri au joto. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Mimi nashika bodi kila siku na hazijafa."

LANGO NA WALINZI WAKE

Ndugu askari watatuelewa upesi tukisema kwamba pini ya kuingizia ni lango la kambi. Lango haliwezi kufungwa kabisa, kwa maana habari lazima ziingie. Wala halifai kuachwa wazi bila mlinzi. Tena mlinzi mmoja aliyekaa karibu na nyumba ya kamanda amechelewa. Kizuizi cha kwanza huwekwa mbali, pale barabara inapoingia. Tutapanga walinzi wetu kwa utaratibu huo, kuanzia kwenye skrubu ya waya kwenda kwenye chipu.

Mlinzi wa kwanza ni dayodi ya kuzuia mshtuko, ile inayouzwa kwa jina la TVS, ya volti 5. Zipo kwa mfano SMAJ5.0A iliyo bapa, na P6KE6.8A yenye miguu ya waya. Huunganishwa kati ya skrubu na ardhi ya bodi. Siku zote hukaa kimya kana kwamba haipo. Volti zikipanda ghafula hufungua njia na kuumwaga umeme ardhini, ikiziacha volti 10 hivi tu zipite.

Dayodi hiyo ikae pale pale kwenye skrubu, na miguu yake iwe mifupi kadiri iwezekanavyo. Hili si jambo la urembo. Katika kipimo cha kimataifa cha cheche za mkono, kiitwacho IEC 61000-4-2, cheche ya volti 8,000 hupiga kwa mkondo wa ampea 30, na mkondo huo hupanda kwa muda wa chini ya nanosekunde 1. Kwa mbio kama hizo, hata waya ulionyooka hugeuka kuwa kipingamizi. Sentimita 2 za mguu wa dayodi peke yake huweza kuacha volti zipatazo 750 zikielekea kwenye chipu. Fundi aliyenunua dayodi njema na kuifunga kwa miguu mirefu amemwajiri mlinzi akamfungia chumbani.

Mlinzi wa pili ni kapasita ya kauri ya nanofaradi 100, ya volti 50, kati ya waya huo huo na ardhi. Hesabu yake ni rahisi, na hata mtoto wa sekondari ataiweza. Katika kipimo tulichokitaja, mwili huhesabiwa kuwa pikofaradi 150. Kwa volti 8,000 unabeba chaji ya mikrokulomu 1.2. Imwage chaji yote hiyo katika nanofaradi 100, nawe utapata volti 12 tu. Ni kama kumwaga kikombe cha maji ya moto katika pipa la maji baridi. Dayodi ikiwapo, volti hizo hupungua tena.

Mlinzi wa tatu ni rezista ya kiloohmu 1, iliyosimama njiani kati ya kapasita na pini. Hata zikibaki volti 12, mkondo utakaofika kwenye pini hauzidi miliampea 7, nao ni wa muda mfupi mno. Dayodi za ndani ya chipu zinauweza bila taabu.

Sasa tahadhari moja, kwa maana mafundi vijana wengi hujikwaa hapa. Boya hufunga njia kwenda ardhini, na pini huhitaji rezista ya kuivuta juu kwenye volti 5 wakati boya limefunguka. Chipu ina rezista ya namna hiyo ndani yake, ya kiloohmu 20 hadi 50. Fundi akitumia hiyo ya ndani, kisha kwa hamu ya ulinzi akaweka njiani kiloohmu 10 badala ya 1, pini huweza kubaki kwenye volti 1.6 wakati inapotakiwa kuwa karibu na sifuri, na chipu isijue kama boya limefunga au la. Ulinzi uliozidi umemzuia hata mjumbe. Dawa yake ni kuweka rezista ya kuvuta ya kiloohmu 4.7 upande wa nje, kabla ya ile ya kiloohmu 1. Hiyo pia hupitisha miliampea 1 hivi katika swichi ya boya na kuzisaidia nyuso zake zisishike kutu upesi.

Je, walinzi hawa hawatachelewesha habari? Wataichelewesha kwa nusu ya milisekunde. Boya la tangi halina haraka hiyo. Lakini kwa nyaya zinazobeba ishara za mbio, kama zile za mawasiliano kati ya bodi na bodi, kapasita kubwa kama hii haifai. Hapo hutumika dayodi ya TVS yenye kapasita ndogo sana pamoja na rezista ndogo.

Kila waya unaotoka nje ya kisanduku upate walinzi wake. Waya wa ishara na waya wa ardhi wa boya zisokotwe pamoja, zisiachwe kila mmoja ukatambaa njia yake.

KOSA AMBALO NI LA KIJANA

Sasa tumgeukie kijana, maana hatutaki kumtetea kupita haki. Katika jambo moja alifikiri vizuri. Aliliunganisha boya ili waya ukikatika, bodi idhani maji yamekwisha na kuisimamisha pampu. Lakini hakujiuliza: je, pini yenyewe ikiungana na ardhi? Hilo ndilo lililotokea. Bodi ikasoma "maji yapo" usiku kucha, na tangi la juu halikujaa kamwe, hivyo hapakuwa na amri yoyote ya kusimama.

Chombo kinachoongoza mali ya watu hakifai kuamini ushahidi wa shahidi mmoja. Mambo mawili yangeiokoa mota. La kwanza ni kikomo cha muda katika programu: kama tangi la juu hujaa kwa dakika 40, basi pampu ikizunguka dakika 60 bila tangi kujaa, isimame na kengele ilie. La pili ni boya jingine katika tangi la chini, lililofungwa moja kwa moja katika waya wa kuamuru swichi kubwa ya pampu, bila kupitia bodi kabisa, na lifungwe na fundi wa umeme mwenye ujuzi, kwa maana hapo pana volti 240. Pampu hupozwa na kulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Ikizunguka pakavu, mihuri yake huungua kwanza, kisha huja zamu ya mota.

MAMBO YA NYUMBANI

Kwa akina mama na akina baba wenye vijana wanaocheza na bodi hizi, tunaongeza haya.

Kabla ya kushika bodi, gusa bomba la maji la chuma lililozikwa ardhini, au chuma cha kisanduku kilichofungwa waya wa ardhi. Kaa mbali na blanketi na viti vya plastiki, wala usivae sweta la nailoni.

Mkanda wa mkononi wa kujiunganisha na ardhi uwe ule wenye rezista ya megaohmu 1 ndani yake. Usijifunge kamwe waya mtupu. Ukigusa kwa bahati mbaya umeme wa nyumba wa volti 240, rezista hiyo hupunguza mkondo utakaopita katika mkanda hadi robo ya miliampea hivi. Bila hiyo, mkanda wa kuokoa chipu utamwua fundi.

Bodi zisiwekwe katika kavera za kawaida. Mifuko ya rangi ya waridi haizalishi umeme tuli kwa wepesi, lakini haizuii cheche itokayo nje. Ile ya kijivu yenye kung'aa kama bati ndiyo huzuia. Karatasi ya alumini ya jikoni inafaa pia, mradi bodi isiwe na betri.

Na kwa sababu tunasema juu ya cheche, tusisahau petroli ya jenereta. Jerikani la plastiki lisijazwe likiwa ndani ya gari. Liwekwe chini ardhini kwanza. Madereva wa magari ya mafuta hufunga waya wa ardhi kabla ya kufungua mpira, na askari wote wameliona jambo hilo. Cheche iliyoua pini moja inaweza kuwasha mvuke wa petroli.

Mwisho, asije mtu akadhani kwamba dayodi hizi ndogo huzuia radi. Radi ni jambo jingine kabisa. Mwezi wa Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Mawingu yakikusanyika, asiwepo mtu wa kushika nyaya za tangi wala kusimama chini ya mti. Ingieni nyumba kubwa iliyojengwa imara, au gari lililofungwa lenye paa la chuma.

JIBU LETU

Basi, mama, jibu la swali lako ni hili. Mwanao si mzembe, wala hakula fedha za mtu. Alinunua vitu vizuri akaviacha bila mlinzi, kwa sababu hakuambiwa kwamba lango lina adui asiyeonekana. Nawe ulifanya kama mama yeyote afanyavyo aonapo waya umelegea. Chombo kinachokaa uani lazima kijengwe kivumilie kidole cha mama. Kama hakivumilii, kidole hakina hatia.

Kwa afande sajini tunaomba jambo moja tu. Mruhusu kijana akitengeneze tena, mbele ya majirani wale wale, awaonyeshe pini iliyokufa na awaeleze ilivyokufa. Walinzi watatu wa kila waya ni vitu vidogo, na gharama yake haifanani hata kidogo na ya mota. Mota imekwisha kuungua, na deni lipo. Ni afadhali lilipwe na fundi aliyejifunza kuliko kulipwa na kijana aliyevunjwa moyo. Bodi tunairudisha pamoja na barua hii, na katika bahasha tumetia dayodi mbili, moja kwa kila boya.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye pasi yetu.

Wenu,
Fundi wa Nyumbani